Uzi: Kiwiliwili kikiyumba wakati wa kutembea baada ya kiharusi, mwenye kosa ni kiwiliwili au mguu?

#1 MwendoSawa

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wafiziotherapia, manesi na ndugu wanaomuuguza mtu nyumbani. Kuna kosa linarudiwa sana. Mtu amepata kiharusi, upande mmoja umelegea, sasa ameanza kutembea, na kila akikanyaga kiwiliwili kinalala pembeni. Anayemsimamia anaona hicho tu. Anamwambia "nyooka", kisha anampa mazoezi ya tumbo na mgongo wiki baada ya wiki, na mwendo unabaki vilevile.

Mara nyingi kiwiliwili chenyewe hakijaharibika kiasi hicho. Kinafanya kazi iliyoushinda mguu. Ukikikataza kuinama kabla hujaupa mguu nguvu au msaada, umemnyang'anya mgonjwa njia aliyobaki nayo ya kutoanguka.

Nikisema "mguu mzima" namaanisha ule ambao kiharusi hakikuugusa. Mwingine nitauita mguu dhaifu.

Jambo la kwanza ni kuangalia kiwiliwili kinainama WAKATI GANI, si kinainama kiasi gani. Kila mguu una kipindi cha kukanyaga na kipindi cha kuwa hewani. Kwa mtu mzima wa afya anayetembea mwendo wa kawaida, kukanyaga huchukua takriban asilimia 60 ya mzunguko na hewani 40. Kwa mwenye kiharusi, mguu dhaifu hukanyaga kwa muda mfupi kuliko mwenzake, kwa hiyo usitegemee jicho peke yake. Mrekodi kwa simu, uiweke kwenye usawa wa kiuno, mara moja kwa nyuma na mara moja kwa pembeni, halafu itazame polepole.

Kiwiliwili kikilalia upande dhaifu wakati mguu dhaifu umekanyaga, washukiwa wa kwanza ni misuli ya pembeni ya nyonga, ile inayokaa juu ya tako kwa nje.

Kikilalia upande mzima wakati mguu dhaifu uko hewani, mtu ananyanyua nyonga ili wayo upite bila kuburura. Hapo tafuta wayo unaoning'inia, goti lisilokunjika, au nyonga isiyoweza kuleta paja mbele.

Kikirudi nyuma mara tu kisigino kinapogusa chini, ni tako, ule msuli mkubwa wa kunyoosha nyonga. Kikirudi nyuma wakati mguu uko hewani, mtu anautupa mguu mbele kwa kutumia tumbo kwa sababu misuli ya kukunja nyonga ni dhaifu.

Kikiinama mbele mguu dhaifu ukiwa chini, angalia misuli ya mbele ya paja. Akiinama mbele, uzito wake unapita mbele ya goti na kulifunga lisikunjike. Shavu la mguu lililokaza huleta picha hiyohiyo, kwa hiyo pima kifundo kabla hujahukumu paja.

#2 DadaViungo

Uzi umekuja wakati wake. Ndugu MwendoSawa, fafanua hapo kwenye misuli ya pembeni ya nyonga. Wengi wanasoma "misuli dhaifu" halafu hawaelewi kwa nini mtu ainamie upande ULE ULE ulio dhaifu. Akili inatarajia aukimbie.

#3 MwendoSawa

Swali zuri, dada. Fikiria mizani ya mkono. Ukisimama kwa mguu mmoja, kiungo cha nyonga ndiyo egemeo. Upande wa ndani kuna uzito wa mwili wote ukitoa mguu uliokanyaga, nao unavuta nyonga ya upande wa pili ishuke. Upande wa nje kuna misuli ya pembeni inayozuia isishuke. Tatizo ni kwamba mkono wa misuli hiyo, yaani umbali wake kutoka kwenye egemeo, ni mfupi, hata nusu ya ule wa uzito haufiki kwa watu wengi. Kwa hiyo lazima ivute kwa nguvu inayozidi uzito huo mara mbili au zaidi.

Misuli ikiwa dhaifu, kuna njia mbili. Nyonga ya upande mzima inaporomoka, au mtu anaupeleka mwili wake juu ya mguu dhaifu. Akiinamia huko, uzito unasogea karibu na egemeo, mkono wake unafupika, na misuli dhaifu inapata nafuu. Hiyo ni hesabu sahihi kabisa ambayo mwili umeifanya wenyewe. Ndiyo maana kumwambia "nyooka" hakusaidii: akinyooka, nyonga inashuka na wayo wa upande mzima unakosa nafasi ya kupita.

#4 Tabibu_Neva

Naunga mkono, lakini tusiitupe hoja ya kiwiliwili. Misuli ya kiwiliwili hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo haipoozi upande mmoja kama mkono unavyopooza. Ila hudhoofika, mara nyingi pande zote mbili, na huchelewa kuitika. Mtu anaweza kukaa vizuri ukimtazama tu, halafu akashindwa mara unapomwambia asogee.

Na kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2011 ambao kila anayehudumia kiharusi angeujua. Waliangalia mambo mawili tu ndani ya saa 72 za mwanzo: mgonjwa anaweza kukaa bila kushikwa kwa sekunde 30, na anaweza kukaza misuli ya mguu dhaifu japo kidogo. Waliokuwa na yote mawili walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 98 wa kutembea bila kushikwa ifikapo miezi 6. Waliokosa yote mawili, ilikuwa takriban asilimia 27, na waliokuwa bado hawawezi siku ya 9 ilishuka hadi 10 hivi. Oneni kwamba kimoja ni cha kiwiliwili na kingine ni cha mguu. Vinakwenda pamoja.

#5 MwendoSawa

Nakubali kabisa, daktari. Siku za mwanzo, mtu asiyeweza kukaa ukingoni mwa kitanda, kiwiliwili ndicho kazi ya kwanza, sina ubishi. Hoja yangu inamhusu yule ambaye tayari ameinuka na anatembea. Huyo lazima umpime mara mbili: akiwa amekaa, ambapo mguu haumchangii sana, na akiwa anatembea. Akifanya vizuri ameketi, halafu akayumba akitembea, mguu una kesi ya kujibu.

#6 Nesi_Wodi4

Naombeni jinsi ya kupima akiwa amekaa, kwa mtu asiye na vifaa.

#7 DadaViungo

Nesi, kipimo cha ulemavu wa kiwiliwili kilichotolewa 2004 kinatosha, kina alama 0 hadi 23: kukaa kwa utulivu 7, kusogea 10, uratibu 6. Hakihitaji chochote zaidi ya kitanda na saa.

Mketishe ukingoni, bila kuegemea, nyayo zote mbili chini, magoti yamekunjwa nyuzi 90, mikono juu ya mapaja. Asipoweza kukaa hivyo kwa sekunde 10, alama ni sifuri na unaishia hapo.

Akiweza, kitu kinachofichua zaidi ni hiki: mwambie aguse kitanda kwa kiwiko cha upande dhaifu, kisha arudi. Usitazame kiwiko. Tazama ubavu. Upande dhaifu unapaswa kufupika, yaani mbavu zisogelee nyonga, na upande mzima urefuke. Wengi wanadanganya hapa: ubavu unabaki umenyooka kama gogo, wanaanguka mzimamzima kutoka kwenye nyonga, halafu wanajisukuma kwa mkono kurudi. Rudia upande wa pili. Kisha mwambie anyanyue tako moja kutoka kitandani, bila kusukuma kwa mguu, halafu la pili.

Mwisho ni kuzungusha mabega, kila bega lije mbele mara 3, jumla mara 6, kichwa kikibaki kinatazama mbele. Akizidisha sekunde 6 au upande mmoja ukifika mfupi, andika.

#8 Fundi_Hatua

Naongeza majaribio ya papo hapo, maana haya ndiyo yanayomaliza ubishi wa "kiwiliwili au mguu". Kiwiliwili hakiwezi kupata nguvu ndani ya dakika moja. Kwa hiyo ukibadilisha kitu kwenye mguu na kiwiliwili kikanyooka saa hiyohiyo, umempata mhusika.

Mpe fimbo kwenye mkono wa upande MZIMA. Fimbo iko mbali na kiungo cha nyonga dhaifu, kwa hiyo kilo chache tu mkononi zinaipunguzia misuli ya pembeni mzigo mkubwa. Kuinama kukipungua palepale, ni misuli ya nyonga.

Kwa wayo unaoning'inia, mfunge bendeji ya mpira kuanzia chini ya wayo, ipande kwa upande wa nje wa kifundo hadi juu yake, ikivuta vidole juu na kuzuia wayo usipinde kwa ndani. Isikaze, tazama rangi ya vidole. Akitembea mita 10 na kunyanyua nyonga kukapungua, tatizo lilianzia chini na splinti ya kifundo, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kifundo na wayo, itamsaidia kuliko mazoezi mia ya tumbo.

Kama bendeji haibadilishi chochote, angalia goti. Kuna goti ambalo halikunjiki kwa sababu misuli ya mbele ya paja inakaza wakati inapotakiwa kuachia. Huyo usimwongezee mazoezi ya kukaza paja ukidhani ni dhaifu. Mpeleke kwa daktari azungumzie sindano ya kulegeza msuli.

Urefu wa fimbo pia uangaliwe: akiwa amesimama wima na viatu, mkono ukining'inia, mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akiishika kiwiko kikunjike nyuzi 20 hadi 30. Ikiwa fupi, ataiinamia na wewe utaandika "kiwiliwili dhaifu" kumbe ni fimbo. Ikiwa ndefu, bega linapanda.

#9 Baraka_R

Samahani wakuu, mimi si mtaalamu, naangalia mzazi nyumbani. Mbona kuna wagonjwa wanaosukuma kuelekea upande dhaifu hata wakiwa wamekaa, na ukiwarekebisha wanapinga kwa nguvu? Hiyo nayo ni mguu?

#10 Tabibu_Neva

Hapana ndugu Baraka, hiyo ni habari nyingine na ni vizuri umeileta. Huo ni ugonjwa wa kusukuma. Ubongo umepoteza hisia ya wima. Mgonjwa huhisi yuko wima wakati kwa kweli mwili umeinama kama nyuzi 18 kuelekea upande mzima, kwa hiyo ukimweka wima anahisi anaanguka, na anasukuma kwa mkono na mguu mzima kwenda upande dhaifu.

Dalili ya kuutofautisha: mwenye nyonga dhaifu anaegemea lakini hapingi ukimsaidia. Mwenye kusukuma anapinga. Usishindane naye kwa nguvu, kadiri unavyomvuta ndivyo anavyozidi kusukuma. Macho yake kwa kawaida bado yanaiona wima sawasawa, kwa hiyo mketishe mbele ya fremu ya mlango au nguzo, umwulize kama mwili wake unalingana nayo. Kisha mpe kitu cha kufikia kwa mkono mzima, upande mzima, aende mwenyewe. Wengi hupungukiwa na tatizo hili baada ya wiki au miezi.

#11 Baraka_R

Asante sana daktari. Kwa hiyo kwa yule anayeegemea tu akitembea, mazoezi gani ya nyumbani?

#12 MwendoSawa

Baraka, fuata nguvu aliyonayo. Nitaanza na misuli ya pembeni ya nyonga kwa sababu ndiyo inayosahaulika.

Kama hawezi kuushinda uzito wa mguu: alale chali, mguu juu ya kitambaa laini kinachoteleza, asogeze mguu nje na kuurudisha, kidole gumba kikitazama dari. Ukigeukia nje, anatumia misuli mingine.

Akiweza hilo mara 10 bila kuchoka: alale kwa ubavu mzima, mguu dhaifu juu, aunyanyue. Nyonga isianguke nyuma na mguu usije mbele. Simama nyuma yake, weka paja lako kwenye mgongo wake wa chini. Akirudi nyuma utamhisi.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanaigeuza. Wanamsimamisha kwa mguu MZIMA, wanamwambia aunyanyue ule dhaifu pembeni. Hapo mguu dhaifu unaning'inia tu hewani, na mtu anainama upande wa pili kuutupa. Fanya kinyume. Asimame kwa mguu DHAIFU, vidole vya mikono vikigusa meza imara, aunyanyue mguu mzima sentimita 5 tu. Weka kidole gumba chako kila upande juu ya mfupa wa nyonga. Vidole vyako viwili vikibaki usawa mmoja, misuli imekubali. Kile cha upande mzima kikishuka, mshushe, apumzike, aongeze mkono mezani. Ashikilie sekunde 3 hadi 5, mara 8 hadi 10, seti 3, siku 3 kwa wiki, na angalau siku moja ya kupumzika katikati.

#13 DadaViungo

Hapo kwenye kushikilia meza, msimsogeze haraka. Anapoacha meza mapema, kuinama kunarudi na anajifunza kosa.

Kwangu zoezi moja likibaki, ni kuinuka kutoka kwenye kiti, maana linafanyia kazi tako, paja na kiwiliwili kwa pamoja. Anza na kiti cha juu, sentimita 50 hadi 55. Nyayo zisiwe mbele ya magoti, yaani avute nyayo nyuma, na wayo dhaifu uwe nyuma ya ule mzima kwa sentimita 10 hivi. Ukiuacha mbele, mguu mzima utafanya kazi yote. Mikono asisukumie. Pua ivuke vidole vya miguu, ndipo tako liinuke. Akimaliza seti 3 za mara 10 vizuri, punguza kiti sentimita 2 au 3.

Kama una mizani mbili za bafuni za kimo kimoja, weka moja chini ya kila wayo. Mtu wa kilo 70 akisimama, utashangaa kuona 48 upande mzima na 22 upande dhaifu, naye anakuambia yuko katikati. Mwache azisome mwenyewe, ajaribu kuzisawazisha kwa kusogeza nyonga, si kwa kuinamisha bega. Bega likiinama mizani inasogea pia, na hapo ndipo anapojidanganya, kwa hiyo wewe tazama mabega, yeye atazame namba.

#14 Fundi_Hatua

Msisahau shavu la mguu. Mazoezi ya kuleta mguu mbele yanapewa heshima yote, wakati kinachourusha mguu mbele ni msukumo wa kifundo mwishoni mwa kukanyaga. Msukumo ukikosekana, nyonga inabeba, nyonga ikishindwa, kiwiliwili kinatupa. Asimame akiwa ameshika meza, anyanyue visigino vyote viwili, ashuke polepole kwa sekunde 3, mara 8 hadi 10, seti 3. Uzito usihamie mguu mzima wakati wa kushuka, hapo ndipo wanapohamisha.

Kwa anayejitupa nyuma ili alete mguu mbele: asimame mgongo na tako vikigusa ukuta, mbele yake ngazi ya sentimita 10. Aweke wayo dhaifu juu ya ngazi na kuurudisha. Ukuta unamnyima nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo nyonga inalazimika kufanya kazi. Akiburura, anza na kitabu cha sentimita 3.

#15 Nesi_Wodi4

Na goti linalorudi nyuma mpaka kupita kunyooka? Tunaambiwa ni udhaifu wa paja tu.

#16 MwendoSawa

Nesi, paja ni moja tu kati ya sababu. Mlaze chali, nyoosha goti, kisha sukuma wayo uelekee kwenye muundi. Kama hautoki hata nyuzi 5 kupita wima, shavu limekaza: muundi hauwezi kusonga mbele juu ya wayo, kwa hiyo goti linasukumwa nyuma na kiwiliwili kinafuata mbele. Huyo anahitaji kunyooshwa shavu na pengine kisigino kuinuliwa kidogo kwenye kiatu. Sababu ya tatu ni hisia: hajui goti liko wapi. Mfumbe macho, weka goti lake kwenye pembe fulani, mwambie aiige kwa goti zima. Akikosea sana, mazoezi ya nguvu peke yake hayatoshi. Afanye kukunja goti nyuzi 10 na kulinyoosha mbele ya kioo, bila kulifunga kwa kishindo.

#17 Tabibu_Neva

Usalama, tafadhali, kabla watu hawajaanza. Msimamizi asimame upande dhaifu, nusu hatua nyuma, ashike mkanda wa kiunoni. Kamwe asivute mkono dhaifu, bega lake linateguka kwa urahisi. Zoezi lisimame akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likiuma na kupata joto, usilikande wala kulinyoosha, apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa sababu inaweza kuwa damu iliyoganda. Na udhaifu mpya wa ghafla, mdomo kupinda au maneno kuchanganyika ni dharura, hata kama ni upande uleule wa zamani.

Splinti ikivaliwa, ivuliwe baada ya dakika 30 za mwanzo na ngozi ikaguliwe. Wekundu usioisha ndani ya dakika 20 hadi 30 unamaanisha inabana, irudi kwa aliyeitengeneza.

#18 DadaViungo

Na jinsi ya kujua kama inasaidia: pima mwendo wa mita 10. Weka alama mita 2 kabla na mita 2 baada, ili kuanza na kusimama kusihesabiwe. Gawa 10 kwa sekunde alizotumia. Chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida ni mtu wa kutembea ndani ya nyumba, 0.4 hadi 0.8 anatoka kwa mipaka, zaidi ya 0.8 anatembea nje vizuri. Rekodi video ya kulinganisha kwa kasi ILEILE, maana mtu yeyote akitembea polepole sana anayumba zaidi pembeni, hata asiye na kiharusi. Ukilinganisha video ya 0.3 na ya 0.6 utasema kiwiliwili kimepona, kumbe ni kasi.

#19 Baraka_R

Nimeelewa. Swali la mwisho: akiacha kuinama lakini akawa anatembea polepole zaidi kuliko mwanzo, niendelee?

#20 MwendoSawa

Hapana, mrudishie. Ukiona kasi imeshuka na anashika vitu zaidi, umemwondolea msaada kabla mguu haujawa tayari. Mpe fimbo au splinti, aendelee kuinama kidogo, huku mazoezi ya kusimama kwa mguu dhaifu yakiendelea. Baada ya wiki 4 hivi rudia lile jaribio la vidole gumba juu ya mfupa wa nyonga. Nyonga ikibaki sawa kwa sekunde 5 bila mikono mezani, ndipo uanze kuipunguza fimbo, kwanza ndani ya nyumba na kwa umbali mfupi.